Posa Iliyokwenda Buganguzi kwa Baiskeli

Acheni kujaza matairi upepo kana kwamba mnakwenda kwenye lami. Juzi nilikuwa nimekaa dukani kwa jirani yangu hapa Kibeta, nikawaona mnapita kwa baiskeli na wageni mnaowaongoza, kofia ngumu kichwani, miwani myeusi, mmependeza kweli. Lakini kila mlipogusa jiwe, baiskeli inaruka na mgeni anaruka nayo. Nikasema moyoni, hawa watoto hawajaambiwa. Basi nawaambia. Barabara zetu za changarawe zinataka tairi lililolegea kidogo. Bonyeza kwa kidole gumba. Likikataa kabisa, punguza upepo. Likizama mpaka ukaisikia rimu, ongeza. Hizo pampu zenu zinazoonyesha namba ni nzuri, sizidharau, ila kidole gumba hakiishiwi betri.

Mnanijua kwa sura, lakini wengi wenu hamjui nilifanya nini. Mimi ndiye Deo. Nilianza kwa kubeba ndizi kwa baiskeli nyeusi ya chuma, zile ambazo ukizipeleka kwa wageni wenu leo watapiga nazo picha. Kisha nikawa fundi. Kisha nikaongoza wapanda baiskeli kati ya Bukoba na Muleba, mabonde ya mito na vilima vya misonobari, mpaka goti langu la kushoto likasema imetosha. Sasa nakaa, nakula, nawasema nyinyi. Ni kazi nzuri na ninaifanya kwa bidii.

Ufundi nilifundishwa na Fundi Ishengoma wa Kashai, Mungu amweke pema. Mzee yule hakuwa mtu wa kugomba. Ukikosea, anakunyang'anya spana polepole, anaendelea na kazi mwenyewe, na wewe unabaki umesimama pale mikono mitupu mbele ya wateja. Afadhali angekutukana. Siku walipokuja wageni wa kwanza wakiuliza nani anaweza kuwapitisha njia za ndani, alikuwa ameshika spoki mkononi. Akaninyooshea mimi ile spoki, na hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Kwanza alinituma niipite njia nzima kwa miguu. Baiskeli yangu akaifungia ndani ya karakana, eti nisije nikashawishika. Niliporudi, miguu imevimba, akaniuliza, "Lile daraja la miti, ubao gani umeoza?" Nikamwambia ni ule wa karibu na ukingo wa mbali. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Na mwenye nyumba ya kwanza baada ya daraja anaitwa nani?" Sikujua. Akasema, "Rudi."

Nilirudi jamani, na miguu yangu ile ile. Leo mna ramani ndani ya simu, inawaonyesha mpaka vijia vya mbuzi, na mimi nashangaa na kushukuru, maana tulipotea sana. Lakini simu haijui mwenye nyumba anaitwa nani. Mnyororo ukikatika kwenye mteremko wa msitu, simu itawaambia mko wapi, na mtu wa kuwapa maji na nyundo ni yule mliyemsalimia wiki iliyopita.

Na mkisalimia, mjue namna ya kuaga. Safari yangu ya pili nilikuwa na wageni wanne, na kila nyumba tuliyopita tulikaribishwa kamwani, zile buni kavu za kutafuna. Nyinyi mnajua, ukikataa kutafuna kahawa ya mgeni ni kumwambia mwenyeji kwamba nyumba yake haikufai. Kwa hiyo tulitafuna. Nyumba hii tukatafuna, na ile tukatafuna. Kufikia mchana wageni wangu walikuwa wanaongea wote kwa pamoja, wanapanda vilima bila kuhema, na usiku ule hakuna aliyelala. Asubuhi mmoja akaniuliza kama ni mwinuko wa nchi unaofanya moyo udunde hivyo. Nikajifunza kuomba nifungiwe yangu kwenye jani la mgomba, nikala njiani. Mwenyeji anafurahi, na mgeni analala.

Jambo jingine la njia kabla sijasahau. Ule udongo wetu mwekundu ukinyeshewa unanata kwenye gurudumu mpaka linakataa kuzunguka. Mwone mtu wa hapa, ana kijiti kimechomekwa kwenye kariya, pale nyuma ya kiti anapofunga mizigo. Hicho si kuni. Ni cha kukwangulia tope. Na mkiteremka kwenye kokoto za msituni, shikeni breki kabla ya kona, msisubiri mfike kwenye kona yenyewe, na makalio yaende nyuma ya kiti. Nimeona watu wazima wenye vyeo wakiruka juu ya usukani kwa sababu walishika breki ya mbele peke yake.

Sasa, mkiniuliza furaha ya kazi hii iko wapi, sitawajibu kwa maneno ya njia. Itabidi niwapeleke Buganguzi.

Nilikuwa na mwenzangu kazini, Novati, kijana wa hapa hapa Kibeta aliyelelewa na bibi yake. Mimi nilikuwa naongoza mbele, yeye anafunga nyuma ili asipotee mtu. Siku moja mgeni alichanika kaptula kwenye kiti cha baiskeli tukiwa Buganguzi, Novati akaipeleka kwa fundi cherehani. Fundi mwenyewe alikuwa binti, Kokugonza. Baada ya hapo, ajabu, kila tukifika Buganguzi kitu kilikuwa kimechanika. Mfuko umechanika. Kamba ya begi imekatika. Nikamwambia, "Novati, utatuchania mpaka hema. Nenda ukaoe."

Shida ilikuwa baba wa binti. Mzee Byarugaba alikuwa katekista mstaafu, mtu mrefu, mnyoofu, asiye na neno la ziada. Alikuwa ameshaurudisha msafara wa posa wa kijana mwingine, na sababu ilijulikana kijiji kizima: kijana alifika asubuhi ananuka pombe. Mzee hakupiga kelele. Alisema tu, "Poleni na safari," akaingia ndani akafunga mlango.

Baba yake Novati alishafariki, kwa hiyo kijana akaniomba mimi niwe mshenga. Nikaenda, nikaongea, nikarudi mara kadhaa, mpaka mzee akakubali kutupokea. Akaniambia, "Njoni Jumamosi kabla ya chakula cha mchana, na kijana nimwone. Msipokuja, nitajua hamkuwa na haja." Novati aliposikia hakulala vizuri wiki nzima. Aliniambia wazi, "Mzee Deo, nikikataliwa pale sitajaribu kwingine." Na mimi nilimwamini, kwa sababu hakuwa mtu wa kuigiza.

Tukapanga vizuri. Ijumaa tulikuwa na wageni wawili wa kuwapeleka Muleba, mwalimu mmoja kutoka Arusha aitwaye Elieshi na mdogo wake Mringo. Elieshi alikuwa mwanamke wa kupanda kilima huku anakusimulia habari, wewe unahema tu "eeh, eeh". Mringo alikuwa mfupi, mchangamfu, anapiga picha kila mgomba. Tulikuwa tulale Muleba. Jumamosi baba zake wadogo Novati waje na gari kutoka Bukoba, watuchukue sisi na rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, iliyotengenezwa na shangazi yake pale pale Muleba, twende kwenye posa, na kijana mwingine awaongoze wageni.

Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi gari likaja, wazee wamevaa makoti, wakaenda mpaka bondeni, wakarudi. Mto umejaa, mbao za daraja zimekwenda na maji. Gari halipiti, bodaboda zimegeuza. Wazee wale walikuwa na miguu mibovu, kuvuka maji kwa miguu lilikuwa jambo lisilowezekana.

Novati akakaa kwenye ngazi ya nyumba ya wageni akashika kichwa. Elieshi akatoka akiwa na kikombe cha chai, akauliza kuna nini. Nikamweleza. Akanywa chai yake, akafikiri.

"Mzee Deo," akasema, "si ulituambia leo tunapita bonde la mto, halafu kilima cha msitu?"

"Ndiyo."

"Na Buganguzi iko wapi?"

"Ng'ambo ya kilima cha msitu."

"Sasa tunasubiri nini?"

Nikamwambia msafara wa posa hauwi wa mtu mmoja na bwana harusi, lazima kuwe na ndugu. Mringo akasema, "Mimi ni baba mdogo." Na kamera yake shingoni. Wazee wa Novati wakatazamana, mmoja akacheka mpaka akakohoa, wakanikabidhi kibuyu kitupu, cha kumiminia rubisi tukifika getini, wakatubariki. Kibuyu akakibeba Elieshi mgongoni ndani ya begi lake, akakifunga kwa sweta.

Rubisi yenyewe ilikuwa kwenye dumu kuukuu lenye kiraka cha plastiki iliyoyeyushwa. Shangazi alilifunga kwenye kariya ya Novati kwa mpira wa tyubu, na mdomoni akachomeka jani la mgomba. Kifuniko akampa Novati mkononi, cha kurudi nacho. Hapa wageni wenu hawawezi kuelewa, lakini nyinyi mmezaliwa kwenye kibanja, kati ya migomba na kahawa. Rubisi inapumua. Ukiisafirisha kwenye njia ya kutikisika ndiyo inapumua zaidi. Huiwekei kifuniko.

Mto ulitupa kazi. Maji yalifika kiunoni, ya kahawia, yana nguvu. Tulipitisha baiskeli moja moja tukishikana mikono, Elieshi mbele kwa sababu alikuwa na miguu imara kuliko sisi wote. Dumu tulilibeba mimi na Novati. Upande wa pili tulikuwa wekundu kuanzia vifuani, tunacheka bila sababu. Tukakwangua tope kwa vijiti, tukaanza kupanda msituni.

Mnajua harufu ya misonobari baada ya mvua. Njia ilikuwa ya kokoto, imesafishwa na maji, matairi yanalia chini yetu, jua linaingia vipande vipande. Juu kabisa tukapumzika, na kutoka pale ungeweza kuona migomba ya Buganguzi. Novati akatoa kwenye begi shati jeupe na suruali nyeusi. Lile shati alikuwa ameshonewa na Kokugonza kwa ajili ya siku ile, na alilivaa kama padri anavyovaa kanzu, taratibu, kifungo kwa kifungo. Nikamwambia asubiri tufike karibu na geti. Akasema kuanzia hapa ni mteremko, tope hakuna, anataka afike amekauka jasho. Nikamwacha.

Alichofanya baada ya hapo sikukiona. Povu la rubisi lilikuwa linapenya kwenye lile jani. Novati akaliona, akafikiria mgongo wa shati. Akalitoa jani, akachukua kifuniko mfukoni, akakifunga. Na akakikaza.

Tukateremka. Mteremko ule ni mtamu, nyinyi wenyewe mnaujua, unaweza kwenda bila kupiga pedali mpaka chini. Nilikuwa mbele naimba. Nyuma nikasikia mlio mkubwa, nikajua tairi limepasuka, nikaanza kukumbuka solusheni, ile gundi ya tairi, niliiweka wapi. Nikasimama, nikageuka.

Tairi lilikuwa zima. Dumu ndilo lililopasuka kwenye kiraka. Novati alikuwa amesimama katikati ya njia ameshika usukani, povu linamtoka nyuma ya masikio. Shati, suruali, soksi, vyote rubisi. Mringo aliyekuwa nyuma yake alikuwa anajipangusa miwani. Elieshi alishuka kwenye baiskeli akajiziba mdomo, mabega yanatikisika.

Mimi sikucheka. Kichwani nilimwona Mzee Byarugaba akisema poleni na safari.

"Ulifunga kifuniko?" nikamuuliza.

"Nilifunga."

"Novati."

"Najua, mzee. Nilikuwa nalinda shati."

Tukajaribu kuokoa. Shati la zamani lilikuwa tope tupu. Mringo akatoa jezi yake ya akiba, ya rangi ya chungwa, ya kubana. Novati akaivaa, ikaishia kitovuni. Elieshi akageuka kutazama miti. Jezi ikavuliwa. Na hata hivyo suruali ilikuwa inanuka, nywele zinanuka, baiskeli yenyewe inanuka. Kijana akakaa kando ya njia kwenye jiwe, shati limemganda mgongoni.

"Turudi," akasema. "Nitamwambia tulizuiwa na mto. Ni kweli mto ulijaa."

"Alisema leo."

"Mzee Deo, nanuka."

"Unanuka, ndiyo. Nilikuwa mbele yako na bado nakusikia. Lakini ukirudi leo, umerudi kabisa. Simama twende, jua linapanda."

Alisimama. Sijui nguvu aliipata wapi. Kilomita zile za mwisho hakuna aliyeongea, hata Elieshi.

Nyumbani kwa Mzee Byarugaba uwanja ulikuwa umefagiliwa, nyasi mbichi zimetandazwa, wazee wamekaa kwenye viti, kina mama wamejaa mlangoni. Tuliingia tukikokota baiskeli nne zenye tope. Nikavua kofia, nikaanza maneno ya mshenga, nikaomba radhi kwa ajili ya wazee waliozuiwa na maji, nikawatambulisha ndugu zetu waliovuka mto pamoja nasi. Mringo akainama vizuri sana. Nilikuwa naongea huku natazama pua ya Mzee Byarugaba.

Akanyanyuka kitini. Akanipita mimi, akampita Elieshi, akasimama mbele ya Novati.

"Umekunywa?"

"Hapana, waitu," Novati akasema. Ile heshima ya Kihaya ilimtoka kwa sauti ndogo, lakini macho hakuyashusha.

"Mbona unanuka?"

"Nilibeba rubisi, ikanipasukia njiani."

"Imepasukaje?"

Nilitamani aseme ni mawe ya njia. Angeweza kusema hivyo, na mimi ningemuunga mkono mara moja.

"Nilifunga kifuniko," akasema.

Kina mama mlangoni wakanong'ona. Bibi mmoja akauliza kwa nguvu, kama mtu asiyesikia vizuri, "Alifunga rubisi?" Akajibiwa ndiyo, alifunga. Akasema, "Maskini."

"Umekulia wapi wewe?" mzee akauliza.

"Kibeta, waitu. Kwenye kibanja cha bibi yangu."

"Na bibi yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha. Lakini rubisi ilikuwa inamwagikia shati, na shati alilishona Kokugonza. Nilitaka ulione likiwa safi."

Mzee akalitazama lile shati. Akazunguka nyuma, akautazama mgongo. Kisha akaita ndani bila kugeuza kichwa. Kina mama wakapisha, binti akatoka. Alikuwa amevaa vizuri, na amekaza uso kama mtu anayeogopa kulia.

"Kokugonza," baba yake akasema, "huyu asiyejua kwamba rubisi haifungwi, ndiye?"

Binti akamwangalia Novati kuanzia nywele mpaka viatu. Akalishika shati kwenye kola, akalinusa kidogo, akaliachia.

"Ndiye, tata."

"Utamfanya nini?"

"Dumu nitamfundisha," akasema. "Shati nitashona jingine."

Hakuna aliyecheka. Wote tulikuwa tunasubiri uso wa mzee, na uso wa mzee haukutuambia kitu. Akamgeukia Elieshi, akanyoosha mkono. Elieshi akaelewa, akakitoa kibuyu ndani ya sweta, akampa kwa mikono miwili. Mzee akakitikisa karibu na sikio. Kikavu. Akaondoka nacho, akazunguka nyuma ya nyumba.

Nikajua anakwenda kukitupa. Nawaambia ukweli, vijana, katika miaka yangu yote njiani sijawahi kuogopa vile, si kwenye mto wala kwenye mteremko. Novati alikuwa anapumua kwa mdomo. Kokugonza hakuondoka pale aliposimama karibu naye.

Mzee akarudi. Amekibeba kibuyu kwa uangalifu, kimejaa, povu linapanda, na mdomoni ameweka jani bichi la mgomba. Rubisi ya nyumba yake mwenyewe. Akaja moja kwa moja kwangu, akaniwekea mikononi.

"Tokeni," akasema. "Rudini mpaka getini, mje upya."

Nilifurahi mpaka nikaona haya. Tukageuza baiskeli, yangu akaikokota Elieshi pamoja na yake, tukapita tena kati ya migomba yote ile, Mringo ananiuliza kwa sauti ya chini kama tumefukuzwa, mimi natikisa kichwa tu, machozi yananitoka na siwezi kuyafuta kwa sababu ya kibuyu. Getini tukapangana. Elieshi akamfunga Novati kifungo cha juu. Nikapiga hodi, nikasema tumetoka Bukoba, tumevuka mto, tumepita msitu, na hatukuja mikono mitupu.

Na Mzee Byarugaba akaitikia kutoka uwanjani, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kutuona:

"Karibuni. Ingieni. Hiyo rubisi mmeitoa mbali?"